Kutoka Awasi hadi koti jeupe

Ukiabiri matatu Awasi alfajiri, ukapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, utaingia Kisumu kabla jua halijakolea. Lakini mwanao akitaka kuwa daktari katika mji uo huo, mhesabie miaka saba.

Miaka sita ni ya Shule ya Udaktari ya Chuo Kikuu cha Maseno. Mwanzo ni kupasua maiti na kukariri dawa; kisha ni wodini, katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Alama ya C+ hufungua chuo kikuu, lakini usidanganyike: viti vya udaktari hugombewa na wenye A.

Mwaka wa saba ndio huwashtua wazazi. Bila kuwa daktari mwanagenzi, mwanao hapati leseni ya kutibu peke yake, na nafasi hizo hutolewa na Wizara ya Afya. Mzozo kuhusu wanagenzi ulichangia mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024. Ng'ombe wameuzwa, shahada imeletwa, naye anakaa nyumbani akingoja barua!

Je, amepata C? Chuo cha KMTC Kisumu humfunza afisa wa kliniki kwa miaka mitatu, kabla ya uanagenzi wake. Wapo wanaoidharau njia hii. Hao hawajaugua usiku mbali na mji. Basi kabla hajajaza fomu, muulize: anataka kuitwa daktari, au anataka kutibu?