Oili Chini ya Gari: Tulivyobadilisha Sili ya Krenki Nyumbani Dongobesh

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Dongobesh nikakuta kipande cha boksi kimetandazwa chini ya gari la baba mdogo, cheusi kwa oili. Gari lenyewe ni pikapu ya Toyota yenye injini ya 5K, kuukuu kunizidi mimi. Ndilo linalobeba vitunguu saumu kutoka mashambani, na nisiwafiche, ndilo linalonilipia hosteli boom likichelewa. Baba mdogo alikuwa anaongeza nusu lita ya oili kila baada ya siku mbili. Fundi wa gereji moja alishamwambia injini imekwisha, ifumuliwe yote, laki saba. Laki saba hatukuwa nayo.

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati. Ufundi sikusomea. Ila tuna jirani, mzee aliyewahi kutengeneza matrekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu kule Hanang, naye alicheka aliposikia habari ya kufumua injini. "Mwanangu, injini inayokufa inatoa moshi. Hii inatoa machozi tu."

Krenki ni ule mhimili wa chini ya injini unaopokea msukumo wa pistoni kupitia konrodi na kuugeuza kuwa mzunguko. Ncha zake mbili zinatoka nje: ya mbele inashika puli ya belti, ya nyuma inashika flaiwili na klachi. Sasa penye tundu la kutokea chuma kinachozunguka, oili nayo inataka kutoka. Kazi ya sili ni kuizuia. Ni pete ya mpira yenye fremu ya chuma, na kwa ndani ina mdomo mwembamba unaobanwa na springi ndogo kama uzi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mdomo ule unasuguliwa mara 50 kila sekunde. Mpira wa kawaida wa nitrili unavumilia joto la karibu nyuzi 100, ule wa Viton unafika karibu 200. Miaka ikipita mpira unakauka, unakuwa mgumu kama plastiki, na oili inapata njia.

Kabla ya kununua chochote, tafuta inakovuja. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela, maana oili inayotoka juu kwenye kifuniko cha valvu inashuka hadi chini na kumsingizia krenki. Tuliosha injini kwa sabuni ya unga, tukaikausha, tukaipaka poda ya mtoto, kisha baba mdogo akazunguka nalo nusu saa. Tulipoingia uvunguni, juu poda ilikuwa nyeupe kabisa. Mbele, nyuma ya puli, kulikuwa na duara la oili iliyorushwa pande zote. Nyuma, penye maungio ya injini na gia boksi, kulikuwa na unyevu kidogo. Jirani alichovya kidole akanusa: oili ya injini. Ile ya gia boksi ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: breza mmeicheki? Mpira wa breza ulikuwa umeziba kwa tope la oili na vumbi letu hili jekundu. Hapo Fizikia ya kidato cha pili ikanirudia. Kila mlipuko kwenye silinda unavujisha gesi kidogo kupita ringi za pistoni, inaingia chini kwenye krenki, na njia yake ya kutokea ni breza. Ukiiziba, presha inapanda ndani na inasukuma oili kupitia sehemu dhaifu kuliko zote, yaani sili. Ukibadilisha sili ukaacha breza imeziba, sili mpya nayo itavuja, na utamlaumu muuza spea bure. Tuliisafisha kwa petroli nje, mbali na moto.

Kazi ya mbele ilichukua siku nzima, ingawa mwenye uzoefu angemaliza kwa saa mbili. Tulichomoa waya hasi wa betri, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukatoa rejeta, feni na belti. Boliti ya puli ndiyo iliyotutoa jasho. Gari liliwekwa gia ya nne, mdogo wangu akakanyaga breki, mimi nikavuta spana niliyoiongezea bomba la chuma la mita moja. Kuna mafundi wanaoegemeza spana kwenye chesisi halafu wanapiga stata ili boliti ifunguke. Usifanye hivyo. Spana ikiteleza inavunja mkono.

Puli ilipotoka, sili ya zamani tuliing'oa kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, maana mkwaruzo kwenye kiti chake utavuja milele. Namba zimeandikwa usoni mwa sili. Ukiona 35-50-8, ujue ni kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Sili mpya tuliipaka oili mdomoni ili isiungue dakika ya kwanza, upande wenye springi ukaangalia ndani ya injini, tukaigonga taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana wake, kuzunguka, isiingie upande.

Mdomo wa sili kwenye injini hii unagusa shingo ya puli, na pale ulikuwa umechimba mfereji unaoushika kwa ukucha. Tungeirudisha sili palepale, mdomo mpya ungekaa kwenye mfereji wa zamani. Kwa hiyo tuliiacha nje kidogo, kama milimita moja na nusu, ili iguse chuma kizima. Sikuona jambo hili limeandikwa popote. Ni la mzee wa Basotu.

Sili ya nyuma hatukuigusa. Kuifikia lazima ushushe gia boksi, utoe klachi na flaiwili, na gia boksi ya pikapu haishushwi kwa jeki moja na vijana wawili kwenye uwanja wa udongo. Watu wameumia hivyo. Hatari yake ni tofauti na ya mbele pia: oili ikifika kwenye sahani ya klachi, klachi inateleza, na hebu fikiria iteleze ukiwa katikati ya mlima Magara na mzigo nyuma. Baba mdogo amekubali kutopita Magara kwanza. Anazungukia Haydom na minada ya karibu, na msimu wa saumu ukiuza gia boksi itashushwa gereji, sili na sahani ya klachi zibadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa gharama kubwa ni ile ya kushusha.

Jumla tulitumia 46,000, pamoja na oili. Wiki ya tatu alinipigia niko chuoni: boksi kavu mbele, nyuma tone moja kwa usiku. Anapima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.