Kozi Mdogo Amfukuzaye Tai

Watu wengi wamepata kuona jambo hili la kustaajabisha. Tai mkubwa apita angani kwa utulivu. Mara kozi mdogo, ambaye uzito wake haufiki robo ya kilo, amfuata kwa kelele, apaa juu yake, kisha amshukia mgongoni tena na tena, mpaka tai ageuka akaenda zake. Wengine husema kwamba ndege huyu ni mkorofi tu. Sivyo. Anayo sababu, nayo ni nyumba.

Kozi hajui kujenga kiota. Wale wakaao majabalini, kama yale ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hutaga mayai juu ya mwamba mtupu. Kozi wa kijivu, aonekanaye magharibi ya Kenya, hupenda kukaa katika kiota kikubwa cha fundichuma. Naye kozi kibete wa nchi kavu za Baringo na Samburu, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, hutumia viota vya miiba vya mnana mwenye kichwa cheupe. Basi mahali panapofaa ni pachache, na apataye pake hana budi kupalinda. Kunguru huiba mayai, na mwewe huchukua makinda. Kwa hiyo kila ndege mkubwa akaribiaye huhesabiwa kuwa adui.

Je, mdogo awezaje kumshinda mkubwa? Mabawa ya kozi ni membamba yenye ncha, naye hugeuka upesi. Mabawa ya tai ni mapana, yafaayo kuelea, wala hawezi kupinda ghafula. Tena silaha ya tai ni makucha yaliyo chini, na kozi hupiga kutoka juu. Tai huona heri kuondoka kuliko kupoteza nguvu zake bure. Lakini kozi naye huhatarisha maisha yake, kwani akikosea hukamatwa. Ndiyo sababu ukali wake huzidi wakati wa mayai na makinda, kisha hupungua.

Wafugaji wa kuku na wafahamu neno hili. Chakula cha kozi hawa wadogo hasa ni panzi, mijusi, panya na ndege wadogo. Wezi wa vifaranga kwa kawaida ni mwewe na kunguru, nao ndio wafukuzwao na kozi mwenye kiota karibu. Amwuaye kozi kwa manati amejiondolea mlinzi asiyedai mshahara.