Altezza au Mark X: Mwaka wa Gari Usikutishe

Anayetafuta gari lenye mwendo mjini Bukoba, kwa bei isiyomfilisi, mara nyingi hujikuta kati ya Toyota mbili: Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na Mark X, iliyorithi nafasi ya Mark II mwaka 2004. Wengi huanza kwa kuuliza namba: hii ni C au ni D? Herufi hiyo hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitoka kiwandani lini. Altezza ya 2001 inaweza kabisa kuwa namba D. Mwaka usomwe kwenye kadi na kulinganishwa na namba ya chasisi. Hata hivyo, swali zito kuliko mwaka ni hili: gari likigoma Muleba, nani atalitengeneza, na spea zitatoka wapi?

Hapo ndipo ninapoipendelea Altezza, ila ile ya AS200. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 1,988, injini ile ile iliyomo kwenye Mark II nyingi za GX 100 na GX 110 ambazo mafundi wetu wamezifungua kwa miaka. Petroli yake hupulizwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali, hivyo huziosha vali hizo kila mara. Mark X ya 2500 ina 4GR-FSE, ambayo nozeli zake hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Faida ipo, tena inaonekana: nguvu za farasi 215 dhidi ya 160. Gharama yake ni kwamba vali za kuingiza hewa haziguswi na petroli, masizi hujijenga juu yake, na injini huanza kutetemeka gari likisimama. Marekani, wenye Lexus IS 250, gari lenye injini hiyo hiyo, walilalamikia jambo hili waziwazi. Nozeli na pampu ya shinikizo nazo hazivumilii mafuta machafu, na kuzipima kunataka vifaa ambavyo si kila gereji inavyo. Spea ikisubiriwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300, gari linakaa juu ya mawe.

Utaniambia Altezza ni mkweche. Kwa sehemu ni kweli: boshi, mipira ya maji na sili za mpira huzeeka hata gari lisipotembea, na mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe kwa wakati, tofauti na cheni ya Mark X. Lakini hizo ni gharama zinazotabirika, na kazi yake fundi wa kawaida anaiweza. Kuhusu ushuru, anayeagiza Japani hapati nafuu kwa Mark X za toleo la kwanza, kwani nazo zimevuka miaka 10 na zinatozwa uchakavu kama Altezza. Tena injini inayozidi cc 2000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa juu zaidi. Pingamizi lenye uzito kweli ni usalama. Zote mbili kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mvua za Bukoba hazina utani, kwa hiyo Mark X yenye mfumo wa kuzuia kuteleza ina hoja kwa mtu anayekwenda Mwanza kila wiki. Kwake nisingebisha.

Na RS200, ile ya farasi 210 na gia sita za mkono, ambayo vijana huiota? Ni tamu, lakini injini yake ya 3S-GE ni adimu; unairudisha shida ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Kinachoweza kuiangusha Altezza ni kutu, na wamiliki waliokata springi ili gari lilale chini, mtindo usiofaa hata kidogo kwa barabara za udongo za kuingia vijijini. Kabla ya kulipa, liinue, gonga chini ya milango kwa bisibisi. Ikizama, chukua Mark X, au bakia na hela yako.