Kijani cha Ziwa Tanganyika: Upimaji wa Klorofili wa Kimataifa na Haja ya Istilahi Moja

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi klorofili ya Ziwa Tanganyika inavyopimwa kwa setilaiti na kwa sampuli za maji. Inadai kwamba ushirikiano wa nchi nne zinazolizunguka ziwa hauwezi kuzaa sera bora iwapo matokeo yake yanaelezwa kwa istilahi zenye utata. Istilahi inayochunguzwa zaidi ni "uzalishaji".

1. Utangulizi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zinaligawana, lakini maji na makundi ya dagaa hayafuati mipaka. Kwa sababu hiyo, Juni 12, 2003, nchi hizo zilitia saini jijini Dar es Salaam Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Mamlaka iliyotokana na mkataba huo ina makao yake hapa Bujumbura.

Dagaa hula wanyama wadogo mno wa majini, ambao nao hula mimea midogo ielayo, yaani fitoplanktoni. Klorofili ni rangi ya kijani iliyomo katika mimea hiyo. Hutumiwa kukadiria wingi wake, na huelezwa kwa miligramu katika kila mita ya ujazo ya maji.

2. Setilaiti na chupa ya sampuli

Kifaa cha MODIS, kilichomo katika setilaiti ya Aqua iliyorushwa mwaka 2002, hupima mwanga unaorudi kutoka majini. Klorofili hufyonza mwanga wa buluu zaidi kuliko wa kijani. Hivyo, uwiano wa rangi hizo humwezesha mtafiti kukadiria kiasi chake katika ziwa zima.

Hata hivyo, setilaiti haioni kupitia mawingu, nayo hupima tabaka la juu tu. Aidha, karibu na milango ya mito kama Ruzizi na Malagarasi, tope linaweza kudhaniwa kuwa klorofili. Ndiyo maana sampuli hazina budi kuchotwa. Maji huchujwa, klorofili hutolewa katika karatasi ya chujio kwa kimiminika kama asetoni, kisha hupimwa maabara. Mradi wa CLIMLAKE, uliowaunganisha watafiti wa Ubelgiji na wenzao wa Tanzania na Zambia, ulikusanya vipimo vya namna hiyo Kigoma na Mpulungu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 zilioanisha picha za MODIS na vipimo vya majini. Bila vipimo hivyo, picha ya setilaiti ni makadirio yasiyo na shahidi.

3. Neno moja, maana mbili

Mwaka 2003, O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio yaliyotokana na mashapo ya sakafu ya ziwa. Walieleza kwamba ongezeko la joto limepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, na hivyo kuzuia virutubishi kupanda. Kwa makadirio yao, uzalishaji wa fitoplanktoni huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa mavuno ya samaki wa asilimia 30 hivi.

Katika Kiswahili, dhana zote mbili huitwa "uzalishaji". Taarifa isemayo "uzalishaji wa ziwa umepungua kwa asilimia 20" inaweza kusomwa na mshauri wa sera kuwa ni habari ya samaki waliovuliwa. Kosa hilo si dogo. Ikiwa chanzo kikuu cha upungufu ni joto, kufunga uvuvi hakutarudisha chote kilichopotea. Ikiwa ni wingi wa nyavu, kufunga kuna uzito mkubwa zaidi. Watafiti wenyewe wangali wanajadili mchango wa kila chanzo. Mwaka 2024, Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mvuvi anayeambiwa atundike nyavu kwa miezi mitatu anastahili kuelewa ni upungufu upi unaozungumzwa.

Neno "mwani" nalo lina mtego wake. Kwa msomaji wa Zanzibar, mwani ni zao linalopandwa na kuvunwa pwani. Kulitumia kwa fitoplanktoni bila maelezo ni kumpoteza.

4. Hitimisho na mapendekezo

Makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, "uzalishaji wa msingi" utumike kwa fitoplanktoni pekee, na "mavuno" kwa samaki. Pili, kila taarifa ya klorofili itaje mahali, kina, tarehe na njia ya upimaji, ili takwimu za Uvira na za Kigoma ziweze kulinganishwa. Tatu, faharasa ya Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza iandaliwe chini ya Mamlaka ya Ziwa kwa ushauri wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki peke yake haitoshi, kwa kuwa Zambia si mwanachama wake.

Nchi nne zimekubali kulisimamia ziwa moja. Hatua inayobaki ni kukubaliana juu ya maneno ya kueleza hali yake.