Je, Wajua? Kanga ya Unguja, Ngozi ya Balangdalalu

Je, wajua mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, ni mzaliwa wa Zanzibar? Ni Lubaina Himid, aliyezaliwa mwaka 1954 na kutwaa tuzo hiyo mwaka 2017, akiwa na miaka 63.

Je, wajua alihama akiwa na miezi minne tu? Baba yake alifariki kwa malaria, mama akaenda naye Uingereza. Mama alikuwa mbunifu wa vitambaa, na kanga zimejaa katika kazi za binti: pindo, mji, hata jina, yaani usemi wa kanga.

Kazi yake inayonigusa kupita zote ni Naming the Money, ya mwaka 2004. Ni sanamu 100 za mbao bapa, kimo cha mtu mzima, zilizopakwa rangi kali: wapiga ngoma, mafundi viatu, wachora ramani, wafunza mbwa. Ni Waafrika waliotumikishwa utumwani katika majumba ya wakubwa Ulaya. Ukizitazama kwa mbele unaona mavazi mazuri tu. Zunguka nyuma usome mgongoni: jina alilopewa kwao, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya zamani na anayoifanya sasa. Mgongoni ndiko aliko mtu mwenyewe.

Mwaka 2021 alijaza ghala la kale huko Lancashire kwa mita 400 za vitenge. Lancashire ilitajirika kwa viwanda vya nguo, na pamba yake nyingi ililimwa na watumwa Marekani.

Na wilayani Hanang, Tanzania Bara, je? Wabarbaig wa Balangdalalu na jirani zake nao ni watu wa kuhama. Karne ya 19 Wamasai waliwasukuma kutoka Ngorongoro. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, yalimeza takriban ekari 100,000 za malisho yao, makaburi ya wazee yakiwemo. Wengi walitawanyika na mifugo yao hadi Usangu na Lindi.

Mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa alivaa sketi ya ngozi iliyochanwa vishuke vyembamba na kutiwa shanga. Huo ni ushonaji wa hali ya juu, ila majina ya washonaji wake ni nadra kuandikwa. Na je, wajua sketi hiyo ni kitu kitakatifu? Mwanamume akiivunjia heshima, baraza la wanawake humshtaki, humhukumu na kumtoza dume la ng'ombe.