Kilele cha Muhogo, Moyo wa Mnazi

Mwanamke wa Bwejuu, Zanzibar, akichuma kisamvu huondoka na majani machanga ya juu pamoja na kilele chenyewe. Hazipiti siku nyingi, machipukizi mawili matatu hutokeza chini ya mkato, na mti uliokuwa ukirefuka tu huanza kutanuka. Mbuzi nao wakipita hupogoa vivyo hivyo, bila kuombwa. Machipukizi hayo hayakuzaliwa siku ile. Yalikuwepo kwenye makwapa ya majani, yamelala. Nani aliyalaza?

Mwaka 1933, huko California, Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata vilele vya maharage, wakaweka juu ya jeraha vipande vya agari vyenye auksini, homoni inayotengenezwa na kilele. Machipukizi yakabaki usingizini. (Agari ni jeli itokayo kwenye mwani.) Kwa miaka mingi ikaaminika kuwa auksini peke yake ndiyo inayoyazuia machipukizi.

Lakini auksini hushuka polepole, kama sentimita moja kwa saa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikata vilele vya njegere wakaona machipukizi ya chini yanaamka kabla upungufu wa auksini haujayafikia. Kilichotangulia kufika ni sukari. Kilele kinachokua ni mlaji mkubwa. Kikiondoka, fungu lake hugeukia machipukizi. Auksini ina kazi yake, lakini baadaye, chipukizi likishaanza kurefuka.

Na sukari hutengenezwa na majani. Mhogo uliokwanyuliwa majani yote hauna cha kuyagawia machipukizi wala mizizi, kwa hiyo anayetaka kisamvu leo na muhogo kesho huuachia mti majani ya kutosha.

Mnazi ni habari nyingine kabisa. Nao una kichipukizi katika kila kwapa la kuti, ila hicho hupasua karara kikawa kole la nazi, hakiwi tawi. Hauna akiba. Mdudu chonga akitoboa hadi kwenye moyo wa mnazi na kuuharibu, hakuna wa kushika nafasi, na mti mzima hufa. Ndiyo maana wakulima huwachokoa chonga kwa waya kwenye minazi michanga, tundu lingali bichi.