Macho Makavu: Sungura Anachotuonyesha na Asichoweza Kutuambia

Mtu anaweza kulalamika kwamba macho yanamchoma kama yameingia mchanga, huku machozi yanamtiririka mashavuni. Akifika kliniki na kuambiwa kuwa ana macho makavu, hushangaa. Lakini jicho haliishi kwa maji matupu. Utando wa machozi hujengwa na vitu vitatu: maji kutoka tezi za machozi, ute kutoka seli za ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, na mafuta kutoka tezi za meibomia zilizojipanga kwenye kingo za kope. Ute huyashika maji yasiteleze, mafuta huyakinga yasikauke upesi. Kimoja kikipungua, utando hukatika, chumvi ya machozi hupanda na konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, huanza kuchubuka. Machozi yanayomiminika baada ya hapo ni ya dharura tu, hayakai jichoni.

Sungura amechangia sana kuyafahamu mambo hayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, Jeffrey Gilbard na wenzake wa Boston, Marekani, waliziba kwa joto matundu ya tezi za mafuta kwenye kope za sungura, wakaziacha tezi za machozi bila kuziathiri. Maji yaliendelea kutoka kama kawaida, lakini chumvi katika machozi ilipanda na uso wa jicho ukaanza kuharibika. Ikadhihirika kwamba upungufu wa mafuta peke yake unatosha kulikausha jicho. Leo daktari akikukagua kope na kukushauri uzikande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, anafuata mantiki hiyo hiyo.

Sungura huchaguliwa kwa sababu jicho lake ni kubwa, linakaribiana na la binadamu, hivyo vipimo vya kliniki humfaa bila marekebisho makubwa. Kimojawapo ni kile cha Mjerumani Otto Schirmer cha mwaka 1903. Mtafiti huchukua ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35, akaukunja ncha na kuupachika ndani ya ukope wa chini. Baada ya dakika 5 anasoma unyevu umepanda milimita ngapi. Kisha hudondosha rangi ya fluoresini na kumulika kwa taa ya buluu. Konea nzima hubaki safi; iliyochubuka huonyesha vidoa vya kijani vinavyong'aa, na vidoa hivyo huhesabiwa kabla na baada ya dawa.

Kazi ngumu ni kumpata sungura mwenye macho makavu. Kuondoa tezi kuu ya machozi mara nyingi hakutoshi, kwa sababu sungura ana akiba: tezi ya Harder na ukope wa tatu, ambavyo sisi hatuna. Wapasuaji hulazimika kuviondoa vyote. Wengine hutumia matone ya atropini, ambayo hupunguza machozi kwa muda.

Njia nyingine inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2008 watafiti wa China walieleza jinsi walivyowakausha sungura macho kwa kuwadondoshea benzalkoniamu kloraidi ya asilimia 0.1, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili. Machozi yalipungua, konea zikachubuka, seli za ute zikaadimika. Kemikali hiyo ni kihifadhi kinachozuia vijidudu kuota ndani ya chupa nyingi za dawa za macho, zikiwemo za presha ya macho. Katika chupa hizo huwa kidogo zaidi, kwa kawaida kati ya asilimia 0.004 na 0.02. Lakini mwenye presha ya macho hutumia dawa yake kila siku kwa miaka, na madaktari wanajua kwamba wagonjwa wa namna hiyo hupata macho makavu mara kwa mara.

Pamoja na hayo, sungura si binadamu. Sisi hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Sungura anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupepesa na utando wake usikatike. Zaidi ya hapo, hawezi kusema anajisikiaje. Kwa mfano, dawa ya macho makavu iitwayo dikuafosoli ilionyesha uwezo wa kuilinda konea ya sungura, na mwaka 2010 Japani ikaiidhinisha. Nchini Marekani haikuidhinishwa. Kwa kawaida wasimamizi wa dawa wa huko hudai mambo mawili kutoka kwa wagonjwa wenyewe: dalili zinazoonekana zipungue, na mgonjwa ahisi nafuu. Hilo la pili hakuna sungura anayeweza kulitolea ushahidi.

Kwa kuwa tunamdai mnyama huyu mengi, naye ana haki kwetu. Waingereza Russell na Burch waliweka misingi mwaka 1959: tumia njia mbadala inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza mateso. Mwaka 2012 mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) wa kupima kemikali kwenye jicho la sungura ulirekebishwa ili mnyama apewe ganzi na dawa ya maumivu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitengeneza kifaa chenye seli hai za jicho la binadamu na ukope unaofumba na kufumbua, wakakitumia kuchunguza ugonjwa huu. Kifaa hicho hakijamstaafisha sungura, lakini kila jaribio linaloweza kufanyika humo lifanyike humo.

Nawe msomaji, usiyaache mafunzo haya yaliyopatikana kwa gharama ya viumbe wengine yapotee bure. Ukijikuta unatia matone ya dukani mara nyingi kwa siku, soma karatasi iliyo ndani ya boksi uone kama yana benzalkoniamu, na umuulize mfamasia kuhusu yale yasiyo na kihifadhi. Kama ni dawa ya presha ya macho, usiiache kwa uamuzi wako, maana presha hiyo hupofusha. Mweleze daktari kwamba macho yanachoma, na umuulize kama ipo dawa ya kuibadilisha.